Marinda Ishirini na Saba: Wiki Yangu ya Kilti Edinburgh

Nimerudi Dar wiki ya tatu sasa, na kila anayeingia kibandani kwangu Kariakoo ana swali lilelile: "Fundi, ni kweli ulivaa sketi huko Ulaya?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Nimekaa na kidaftari changu cha vipimo, ambacho huko nilikigeuza cha nauli na bei, nikakusanya na picha za simu, nikaipanga safari yote siku kwa siku. Atakayeuliza tena namtumia hii.

Chanzo ni mpwa wangu. Alikuwa anamaliza shahada ya pili Chuo Kikuu cha Edinburgh, mji ambao dada yangu anafanya unesi mwaka wa tisa huu. Mwezi wa tatu akanipigia simu: "Mjomba, baba za wenzangu watakuja na kilti. Wewe utakuja na suti?" Mimi nashona tangu nina miaka kumi na sita. Kuniuliza swali kama hilo ni kunitia ugonjwa. Kwa asiyeijua, kilti ni vazi la wanaume wa Uskoti: sufu ya drafti inayozungushwa kiunoni, bapa mbele, marinda nyuma, inaishia gotini. Miezi mitatu nilikuwa nakata sare za shule huku akili iko kwenye marinda hayo.

Gharama za kuanzia: viza ya matembezi ya miezi sita pauni 127, tiketi kwenda na kurudi milioni tatu na laki mbili. Pauni moja mwezi wa saba ule wa 2025 ilikuwa kama shilingi 3,500. Omba viza mapema, maana pasipoti yangu ilikaa kwao wiki tatu na kidogo, na tiketi nilishakata.

Siku ya 1, Jumatano

Nilitua saa saba mchana nikiwa na koti, kidaftari na begi la mgongoni. Begi kubwa halikutokea. Tulibaki watu wanne tunautazama ule mkanda unazunguka mtupu, kimya kama tuko msibani. Shirika la ndege sitalitaja. Ndani ya begi kulikuwa na kanzu, suti ya akiba, vikoi viwili na shuka mbili za Kimasai za zawadi. Dada wa kaunta akanipa karatasi yenye namba, akasema litaletwa kesho. Kesho yake hiyo ilikuja kuwa Jumamosi.

Kutoka uwanjani kuna tramu, ile treni ya mtaani, inapita katikati ya mji hadi Leith, bandarini, anakokaa dada. Nauli karibu pauni nane kwa sababu ni ya uwanja wa ndege. Ukishakuwa mjini inashuka sana. Lipa kwa kadi.

"Kaka, ndiyo umekuja mikono mitupu?"

"Begi limeniambia nitangulie."

Alikuwa amepika pilau. Tulikula jua likiwa bado dirishani, na magharibi ikaingia saa nne usiku. Mwenye kwenda huko kipindi cha kiangazi apange usingizi wake na swala zake vizuri, kwani isha inachelewa na alfajiri haingoji mtu.

Siku ya 2, Alhamisi

Asubuhi nikaenda Royal Mile, ule mtaa unaoshuka kutoka ngomeni hadi kasri la Holyrood. Maduka ya kilti yamepangana kama maduka ya vitenge mtaa wa Uhuru, na kila mlango unapiga zumari. Nikaingia moja. Kilti pauni 35. Nikaigeuza ndani nje, kama tufanyavyo. Uzi wa plastiki mtupu, marinda kumi, yamepigwa pasi tu bila kushonwa, na kiunoni inafungwa kwa utepe wa kunata kama wa viatu vya watoto. Nyepesi kama leso. Muuzaji akaniuliza mimi ni wa ukoo gani ili anitafutie rangi zake. Nikamwambia Mkwere wa Bagamoyo. Maskini akafungua kitabu akaanza kutafuta.

Ukitaka picha ya ukumbusho, nunua ile. Ukitaka kilti, usinunue mtaa ule mpaka umeshika kitambaa. Ya kushonwa kwa mkono kwa kipimo chako inaanzia kama pauni mia sita kwenda juu, na inasubiriwa miezi. Wengi wanaoalikwa harusini wanakodi.

Mimi nilikwenda mtumbani. Kuna kitongoji kinaitwa Stockbridge, kina maduka mengi ya hisani, ambako watu wanatoa nguo zao ziuzwe kwa ajili ya wagonjwa au wazee. Kunukia kwake ni kulekule kwa Ilala, ila hakuna anayepiga kelele. Duka la nne, nyuma ya makoti ya mvua, mkono ukagusa kitu kizito. Sufu tupu, kijani kibichi na buluu ya usiku. Mama wa dukani akaniambia drafti hiyo inaitwa Black Watch, ni ya kikosi cha zamani cha jeshi, na mtu yeyote anaivaa. Pauni 85. Kiuno inchi 38, mimi 35.

Usiku ule tukaondoa vyombo mezani, nikaazima sindano. Kilti haina zipu wala kifungo. Ina mikanda mitatu midogo ya ngozi na bizimu zake, na ukitaka kuipunguza unahamisha bizimu. Kazi ya nusu saa ilinichukua saa tatu kwa sababu nilikuwa nachungulia. Marinda ishirini na saba, nimeyahesabu mara mbili. Yameshonwa kwa mkono kutoka kiunoni hadi kwenye nyonga, kila moja likipungua upana kadiri linavyopanda, na chini ya hapo yameachiwa huru. Mishono midogo hata ukucha hauisikii. Halafu nikageuza chini kutazama pindo. Haina pindo! Ukingo wa kitambaa uliotoka nao kiwandani ndio unaoning'inia gotini. Nikamwita dada aje aone. Akaja, akaona, akarudi kulala.

Siku ya 3, Ijumaa

Siku ya mahafali. Soksi ndefu za sufu pauni 12, viatu vyangu vyeusi, na ule mkoba wa mbele wa ngozi, sporani, ameniazima rafiki wa mpwa. Ndani nilivaa bukta. Hilo nalisema mapema. Kidogo nilikuwa na shaka na goti. Kilti inatakiwa iishie katikati ya pia ya goti, na sisi Waislamu wa madhehebu ya Shafi tunajua mpaka wetu wa kusitiri mwili uko wapi. Nikaishusha inchi moja, soksi nikazipandisha.

Tulishuka basi daraja la North Bridge. Upepo wa pale hauna adabu. Unatoka baharini, unakata kona, unakuja moja kwa moja kwenye ukingo ambao nimeshakuambia hauna pindo. Nikakumbuka ile pini kubwa niliyopewa pamoja na mkoba, nikaichomeka mbele, ikapita tabaka zote mbili. Nikasema sasa njoo upepo.

Ukumbi unaitwa McEwan Hall, wa mwaka 1897, nusu duara, dari lake limechorwa pote. Nilipokaa nikasikia "kra." Fundi anaijua sauti hiyo hata akiwa usingizini.

Wanafunzi wakaanza kuitwa. Kila mmoja anainama na mkuu anamgusa kichwani kwa kofia nyeusi, na mpwa alinieleza kwamba simulizi za chuoni zinasema kofia hiyo ilishonwa kwa suruali ya John Knox, mhubiri wa karne ya 16. Wenyewe wanakiri ni simulizi tu. Nililia kidogo jina la mwanetu lilipotajwa. Mwalimu Nyerere alisoma chuo hichohicho, 1949 hadi 1952, na marehemu baba alikuwa akitutajia Edinburgh kama jina la ndugu wa mbali.

Nje, kwenye benchi, alikuwa amekaa mzee mmoja na kilti ya kahawia iliyopauka, mjukuu wake naye amehitimu. Akanitazama kiunoni kwa muda. Kisha, kwa upole kabisa: "Ndugu yangu, samahani. Pini yako imepita pote?" Nikakubali. "Pini ni uzito tu. Inapita tabaka la juu peke yake. Ukizishona mbili pamoja, ukikaa lazima kitu kichanike." Akanionyesha yake, kisha yeye mwenyewe akachomoa ile yangu. Nyuzi mbili zilikuwa zimekatika. Nilimwambia kazi yangu ni ipi. Alicheka mpaka akashika fimbo, halafu akasema: "Kesho saa sita mchana, bustani za Princes Street, chini ya sanamu ya Livingstone. Tuko watu kama tisa. Njoo."

Msikiti mkuu uko Potterrow, dakika mbili kutoka ukumbini. Pale mlangoni shaka yangu ya goti ikarudi, maana kwenye rukuu kilti inapanda nyuma na mbele inabaki palepale, na kikoi changu kiko kwenye begi lisilojulikana liko wapi. Kijana mmoja wa Malaysia, mwanafunzi, aliona ninavyojivuta soksi. Akafungua mkoba wake, akanipa seruni yake ya swala. Baada ya swala akakataa kuipokea. "Niko na nyingine nyumbani," alisema, akapotea kwenye watu.

Ukitoka hapo na njaa, uliza Mosque Kitchen, upande wa Nicolson Square. Wali na mchuzi wa mbuzi, sahani ya kushibisha haikufika pauni kumi.

Siku ya 4, Jumamosi

Saa mbili asubuhi begi likaletwa mlangoni, kufuli limevunjika, vitu vyote vimo. Nikachukua kikoi na shuka moja, nikaondoka.

Livingstone, yule mmisionari, amesimama na Biblia mkononi, karibu na ule mnara mkubwa mweusi wa mwandishi Walter Scott. Kwetu Bagamoyo kila mtoto anaonyeshwa mnara wa kanisa ulikolazwa mwili wake Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma na Susi na wenzao kuubeba kwa miguu kutoka huko ambako leo ni Zambia. Nilimsimulia mzee. Akayarudia majina, Chuma, Susi, akaniomba nimwandikie kwenye karatasi.

Walikuja tisa kweli: wanaume saba, wanawake wawili. Nilitegemea watu wa sherehe, waliovaa kama vile harusini. Wapi! Mmoja ni dereva wa basi, kilti yake ina doa la mafuta. Mmoja anatengeneza baiskeli, mikono yote michoro, kilti ya turubai la kaki yenye mifuko pembeni. Mjerumani mmoja aliyeweka akiba miaka miwili ili ashonewe. Wanazivaa kazini, sokoni, kwenye mvua. Salamu ikiisha, mtu anazunguka nyuma ya mwenzake kumtazama marinda. Nilijiona niko nyumbani.

Ugomvi wao mkubwa ni ile kilti ya kaki. Mzee anasema ile ni kaptura iliyokosa mshono. Fundi baiskeli anajibu kuwa babu za mzee hawakuwa na marinda ya kushonwa pia. Walijifunga blanketi zima na mkanda juu. Hapo historia ikamwagika. Waskoti wa milimani walipoasi na kushindwa pale Culloden, Aprili 1746, serikali ikapiga marufuku vazi hili: kosa la kwanza miezi sita jela, la pili unasafirishwa ng'ambo miaka saba. Wanajeshi tu ndio walioachiwa. Sheria ikafutwa 1782. Na hapa mjini, Edinburgh, watu walikuwa wa suruali siku zote; kilti iliwapanda kichwani mwaka 1822 alipokuja mfalme George IV, mapokezi yakiandaliwa na huyuhuyu Scott wa mnara, na mfalme akavaa kilti na soksi ndefu za waridi. Dereva wa basi akasema, "Kwa hiyo sisi sote ni wageni humu ndani," akapiga paja la kilti yake.

Katikati ya maneno hayo mzinga ukalia ngomeni. Mimi nilikwishachuchumaa. Hupigwa saa saba kamili mchana kila siku isipokuwa Jumapili, Ijumaa Kuu na Krismasi, tangu 1861, meli zilinganishe saa zao. Wewe utakayekwenda nimekwambia.

Nikatoa shuka. Waliipokezana kama mahari. Fundi baiskeli akahesabu mistari, akatafuta mraba unarudia wapi; wao wanajua kila drafti ina mpangilio wake, na tangu 2009 iko daftari ya serikali ya kuzisajili. Walitaka kujua nani anaruhusiwa kuvaa shuka ipi. Kisha nikatoa kikoi. Nikawauliza: bila pini, bila bizimu, bila mkanda, nani anaweza kukifunga kisidondoke kwenye upepo huu? Wakajaribu. Fundi baiskeli alijiviringisha juu ya kilti yake, akakunja, akapiga hatua tatu, kikaanguka. Nikamshika mikono: vuta kulia, kaza, shoto juu yake, sasa viringisha utepe wa juu chini, mara mbili, vuta tumbo. Alitembea hadi geti na kurudi. Hakikuanguka. Watalii wakampiga picha wakidhani na hilo ni vazi la Uskoti.

Swali la ndani wanavaa nini niliwauliza, nisingesamehewa Kariakoo. Mama mmoja akanijibu, "Viatu."

Tulikwenda kula. Wao walitaka baa, wakanitafutia meza pembeni na soda yao ya rangi ya chungwa, Irn-Bru, tamu kama peremende iliyoyeyushwa. Hagisi ya kawaida ni moyo, ini na mapafu ya kondoo na nafaka ya oti. Nikala ya mboga, yenye viazi na tanipu zilizopondwa. Ina pilipili manga ya kutosha. Nilipotoa pochi mzee akanishika mkono, akairudisha kwenye sporani, akaifunga.

Siku ya 5, Jumapili

Mvua. Samaki na chipsi kwa chumvi na sosi, ambayo huko Edinburgh ni ya kahawia na ina siki, nililala mchana.

Siku ya 6, Jumatatu

Yule mama wa "Viatu" alinipa anwani ya mshonaji wake, naye anakaa Leith, dakika kumi kwa miguu kutoka kwa dada. Kibanda chake ni chumba cha mbele cha nyumba. Hana cherehani mbele yake. Iko kona, imefunikwa. Tulisalimiana, akatazama vidole vyangu, nami vyake. Kidole cha kati cha mkono wa kulia kina sugu palepale.

Alinionyesha kila kitu. Kitambaa kinakuja kipana, anakata yadi nne, anakipasua katikati kwa urefu, anaunga, zinakuwa nane. Mshono wa maungio unafichwa ndani ya rinda, na hata nilipoambiwa liko wapi nilishindwa kuliona. Halafu kukunja. Kila rinda linakunjwa mahali ambapo mistari ya juu itaendelea kama vile kitambaa hakijaguswa. Ukisimama nyuma unaona drafti nzima, mtu akitembea ndipo inafunguka. Wanajeshi wanakunja vingine, mstari mmoja unajirudia kila rinda. Yangu ilikuwa hiyo, na mimi siku nne sikuwa nimetambua!

Nikamwuliza saa ngapi kwa moja. Ishirini na zaidi, akasema, na za kushona tu. Nikamwambia bei za Kariakoo. Alinyamaza, akamimina chai.

Mwishoni akapiga bandi nyeupe kwenye marinda ya kilti iliyokuwa mezani, ili yasihame wakati wa pasi. Neno bandi halijui, lakini mkono ulikwenda vilevile alivyonifundisha marehemu fundi Sadani: ndefu, fupi, ndefu. Akanifungia kipande cha sufu, kama yadi mbili, mabaki ya mteja. "Cha kufanyia mazoezi," alisema. Hakutaka pesa. Nikamwachia shuka ya pili.

Siku ya 7, Jumanne, na nyumbani

Nilisafiri nimeivaa, kwani ina kilo mbili na ushee na begi lilikuwa limejaa. Usifanye hivyo. Bizimu tatu, pini, mnyororo wa sporani, kila lango la ukaguzi linalia. Na kile kijisu cha kwenye soksi, kama umenunua, weka kwenye begi la chini.

Jambo jingine la pesa: noti za Uskoti zinatolewa na benki tatu za hukohuko, na picha zake si za mfalme. Nilirudi nazo za pauni sitini. Duka la fedha hapa mjini walizigeuzageuza wakanirudishia. Badilisha kabla hujaondoka.

Dar, ofisa wa forodha alinitazama kutoka viatuni hadi kiunoni, akaniuliza kama nina cha kutangaza. Nikamwambia hapana. Akasema, "Mzee, mimi naona unacho," akanipitisha.

Kile kipande kipo mezani sasa, taa ya jioni ikiwashwa na wateja wakishaondoka. Nilikuwa nimefika rinda la kumi na moja. La tisa mistari yake imekosana kwa upana wa uzi mmoja, haionekani ila ukiinama. Jana nimefumua yote mpaka la nane.